Satelaiti Iliyosimama Juu Yetu Ikiangalia Kwingine

Zamu yangu ya historia imefika. Nilitaka kuandika juu ya Lumumba, lakini Lumumba ameshaandikwa humu mara tatu, na wa mwisho alimwandika vizuri kuliko nitakavyoweza. Kwa hiyo leo naandika juu ya dishi. Msicheke kwanza, someni.

Nilipofika Kakuma nilikuwa na miaka kumi na sita. Papa mmoja mwenye kibanda cha video alinipa kazi ya kufagia na kupanga mabenchi. Kwetu Uvira madishi niliyozoea yalikuwa yamesimama, uso umeelekea magharibi, upande wa milima. La hapa lilikuwa limelala chali juu ya mabati kama karai la kufulia. Siku moja ikanyesha ile mvua yetu ya hapa, ya kuhesabu kwa vidole, nikaona ndege wanakunywa maji ndani yake. Nikasema moyoni, maskini, upepo umeliangusha. Nikapanda, nikalisimamisha wima, nikalifunga kwa waya mpaka likakaza. Nilishuka nikijiona fundi.

Jioni kulikuwa na mpira. Watu karibu themanini walikuwa wameshatoa shilingi zao ishirini ishirini. Skrini nyeusi, na maandishi kwamba hakuna signali.

"Nani aligusa dishi?"

"Ni mimi, Papa. Nililikuta limeanguka."

"Limeanguka? Mtoto wangu, hii kitu inaangalia mbinguni. Satelaiti yenyewe iko hapa, juu ya kichwa chako!"

Alirudisha pesa za watu wote usiku ule. Mimi nilifagia wiki mbili bila malipo, na sikulalamika. Lakini lile neno lake halikunitoka: juu ya kichwa chako. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma juu ya kitu hiki kila nikipata bando, na nimegundua kwamba mzee alikuwa sawa karibu kabisa. Pia nimegundua kwamba kuwa juu ya kichwa cha mtu si sawa na kuwa chake. Hapo ndipo historia yetu inapoanzia.

Kwanza, inakaaje pale bila kuanguka na bila kwenda? Mwaka 1945, mwezi wa Oktoba, kijana Mwingereza aliyekuwa ofisa wa rada katika jeshi la anga, Arthur C. Clarke, aliandika makala katika gazeti la mafundi wa redio, Wireless World. Alikuwa na miaka 27, umri wa wengi wetu humu. Alisema hivi: chombo kikizunguka dunia karibu, kinakimbia sana, kinaizunguka kwa dakika tisini hivi. Kikiwa mbali zaidi, kinakwenda polepole. Basi kuna umbali mmoja, kama kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambapo chombo kinamaliza mzunguko wake kwa muda uleule ambao dunia inajigeuza mara moja. Kikienda mashariki pamoja nasi kwa mwendo huo, sisi tulio chini tunakiona kama kimegandishwa angani. Hakichomozi, hakizami. Dishi ukilielekeza mara moja umemaliza, hulizungushi tena.

Kilomita 35,786 ni mbali, jamani. Ukizipanga dunia tatu kama hii yetu moja juu ya nyingine, utafika na kupita kidogo tu. Mawimbi ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga, lakini hata hivyo kupanda na kushuka kunachukua robo ya sekunde. Ongeza muda wa mitambo ya kubana picha na kuifungua, ndiyo maana jirani mwenye redio anashangilia goli wakati sisi bado tunaangalia kona inapigwa.

Na neno "ikweta" mlikumbuke, maana njia hiyo ni moja tu. Huwezi kuisimamisha satelaiti ya namna hii juu ya London au juu ya Moscow. Lazima ikae juu ya ule mstari. Na mstari huo unapita wapi? Unapita Kongo kwetu, pale Mbandaka. Unapita Uganda. Unapita Kenya hii tuliyomo. Nchi tajiri zilizotaka kutumia njia hiyo zilibidi zitundike vyombo vyao juu ya mstari huo, hata pale unapopita juu ya nchi za watu wengine.

Makala ya Clarke ilisubiri karibu miaka ishirini. Mwezi wa Agosti 1964 Wamarekani walirusha Syncom 3, na Oktoba ile michezo ya Olimpiki ya Tokyo ikaonekana Marekani kupitia chombo hicho. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Lakini muelewe kwamba satelaiti za mwanzo zilikuwa na nguvu ndogo sana. Kuzisikia kulihitaji kituo cha ardhini chenye dishi kubwa kuliko nyumba, mali ya serikali. Mtu wa kawaida hakuwa na lake.

Sisi Wakongo tunalo tukio letu la wakati huo, na wazee wanapenda kulisimulia: pigano la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Wazee husimulia ngumi za raundi ya nane. Mimi naomba mtazame saa. Pigano lilianza karibu saa kumi za alfajiri. Ni nani anapigana ngumi saa kumi za alfajiri? Lilipangwa hivyo kwa sababu picha zilikuwa zinakwenda kwa satelaiti hadi Marekani, na kule ilikuwa saa nne usiku, watu wamekaa kwenye kumbi wamelipa viingilio vyao. Uwanja ulikuwa wetu, usingizi uliokatwa ulikuwa wetu, na saa ilikuwa ya watazamaji wa mbali.

Sasa njoo mwaka uliofuata, maana hapa ndipo nilipokaa kimya nilipoisoma mara ya kwanza.

Tarehe 30 Mei 1974, Marekani ilirusha satelaiti iliyoitwa ATS-6. Ilikuwa na dishi la mita 9 hivi ambalo lilijikunjua lenyewe likiwa angani kama mwavuli. Kwa sababu lile la juu lilikuwa kubwa, la chini liliweza kuwa dogo na la bei nafuu. Hiyo ndiyo siri yote ya televisheni ya satelaiti ya moja kwa moja hadi leo: nguvu ikiwa juu, mtu wa chini anapumzika. Mwaka wa kwanza iliwekwa upande wa Amerika, ikahudumia shule na zahanati za mbali kama zile za Alaska. Halafu mwaka 1975 ikasukumwa polepole kuelekea mashariki mpaka ikasimama kwenye longitudo ya digrii 35 mashariki.

Chukueni ramani za simu zenu. Kakuma iko karibu digrii 34.9 mashariki. Yaani kama mstari wetu huohuo kabisa! Ukitoka hapa kambini ukashuka kusini kilomita 400 na kitu hadi ikweta, halafu ukaangalia juu, ungekuwa unaangalia ATS-6. Kambi ilikuwa bado haipo wakati huo, ilikuja 1992. Walikuwepo Waturkana na mbuzi wao.

Na ilikuwa inafanya nini pale juu? Inarusha televisheni India. Marekani na India zilikuwa zimekubaliana tangu 1969, kwa juhudi kubwa za Vikram Sarabhai, mwanasayansi aliyeamini kwamba nchi maskini haina sababu ya kusubiri minara na nyaya zifike kila kijiji. Sarabhai alifariki mwisho wa 1971, hakuiona kazi yake. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1975 hadi 31 Julai 1976, vijiji 2,400 vya majimbo sita vilipewa televisheni moja moja ya kijiji. Dishi lao lilikuwa la wavu wa waya kama ule wa banda la kuku, upana wa mita tatu hivi, watu wakakaa chini mbele yake kwa muda wa saa 4 kila siku. Walionyeshwa kilimo, afya, uzazi wa mpango, masomo ya watoto. Bila malipo, bila kadi. Clarke mwenyewe, ambaye kwa wakati huo alikuwa akiishi Sri Lanka, alifungiwa mtambo wake wa kupokea nyumbani Colombo. Ile ndoto yake ya 1945 ikamkuta sebuleni, mzee wa watu.

Mimi siwaonei wivu wale wanakijiji. Ni kazi nzuri na Wahindi waliipigania, na mafundi wao walijifunza mengi mpaka 1983 wakawa na satelaiti yao wenyewe inayofanya kazi, INSAT-1B. Ninachowaza ni kitu kingine. Mwale wa ATS-6 ulikuwa mwembamba kama wa tochi iliyobanwa, na tochi ilikuwa imegeuzwa kaskazini mashariki, kuvuka bahari. Mwaka mzima chombo kikubwa kuliko vyote vya aina yake kilisimama juu ya Afrika Mashariki kikituonyesha kisogo. Mtoto wa kijiji cha Bihar aliona jinsi ya kuzuia kuhara. Mtoto aliyekuwa chini yake moja kwa moja hakuona chochote, wala hakuambiwa kwamba kuna kitu juu.

Mwaka ulipoisha Wamarekani waliichukua satelaiti yao, wakairudisha upande wao, na 1979 wakaizima.

Miezi minne baada ya vijiji vile vya India kuzimiwa, wajumbe wa nchi za ikweta walikutana Bogotá, mji mkuu wa Colombia. Sisemi jambo moja lilizaa lingine, nasema tu tarehe. Tarehe 3 Desemba 1976 walitoa tamko. Kati ya nchi zilizokuwemo ni Colombia, Ecuador, Indonesia, Kongo ya Brazzaville, Uganda, Kenya, na Zaire, ambayo ndiyo nchi yetu kwa jina la wakati ule. Yaani nchi niliyoikimbia na nchi iliyonipokea zilikaa meza moja. Walisema hivi kwa ufupi: sehemu ya ile njia ya angani iliyo juu ya nchi yetu ni mali ya asili ya nchi yetu, kama madini na misitu, na anayetaka kuegesha chombo chake pale atuombe ruhusa.

Dunia haikukubali. Walijibiwa kwamba kuna mkataba wa anga za juu wa 1967, unaosema hakuna nchi inayoweza kuichukua anga ya juu kuwa mali yake. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nikiusoma ule mkataba naona jibu lilikuwa na haki kisheria. Chombo hakining'inii juu ya Kenya kwa kamba. Kinaanguka muda wote kuizunguka dunia nzima, ila kinaanguka kwa mwendo unaolingana na wetu. Lakini swali la wale wajumbe lilikuwa na uzito, na uzito haukuondoka kwa sababu jibu la sheria limepatikana: nafasi ni chache, wenye roketi ni wachache, je, sisi tukija kuamka tutakuta nini?

Kukatafutwa njia ya katikati. Mapema 1977, mkutano wa umoja wa mawasiliano wa dunia uliofanyika Geneva uligawa nafasi za televisheni ya satelaiti kwa Ulaya, Afrika na Asia. Kila nchi ikaandikiwa mahali pake angani na chaneli zake, nyingi zikapata tano. Maskini na tajiri kwenye karatasi moja. Ni kama kugawiwa viwanja vya kujenga, tatizo ni kwamba wengine hawana hata tofali.

Hata wenye tofali walijikwaa. Ujerumani Magharibi ilirusha TV-SAT 1 mwezi wa Novemba 1987 kwa kufuata mpango huo, na moja ya mabawa yake ya sola likakataa kufunguka. Ikawa hasara tupu. Kampuni ya Luxembourg, SES, ikapita njia nyingine. Desemba 1988 ilirusha Astra 1A, ambayo haikutumia nafasi za mpango wa Geneva kabisa bali masafa yaliyokuwa ya mawasiliano ya kawaida, yenye nguvu ndogo kidogo lakini chaneli 16. Mwanzoni mwa 1989 Sky ya Uingereza ikaanza kurushia humo. Watu wakanunua madishi, wakayapigilia ukutani. Kuanzia hapo biashara ndiyo ikawa dereva, na serikali zikakaa kiti cha nyuma.

Afrika ilifikiwa na biashara hiyo katikati ya miaka ya tisini, DStv ikiwa imeanza 1995 kutokea Afrika Kusini. Lakini mimi nataka kuzungumzia chombo kimoja, kile nilichokikosea heshima kwa waya siku ile.

Mwezi Mei 2000, kutoka Florida, ilirushwa satelaiti ya Eutelsat W4. Roketi yake ilikuwa Atlas ya Marekani yenye injini ya Urusi, kitu ambacho miaka ya vita baridi mtu angekisema angepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Eutelsat yenyewe ilikuwa imeundwa na serikali za Ulaya, na mwaka 2001 ikageuzwa kampuni ya kibiashara. W4 iliegeshwa digrii 36 mashariki. Mstari huo unakata ikweta karibu na Mogotio, barabara ya kutoka Nakuru kwenda Baringo, pale penye kibao cha ikweta ambapo wasafiri hupiga picha. Juu ya kibao kile, ndiyo pale. Basi kutoka Kakuma inaonekana karibu utosini, imeinama kidogo tu kuelekea kusini. Ndiyo sababu dishi linalala chali.

Safari hii mwale mmoja ulikuwa umeelekezwa kwetu, Afrika kusini mwa Sahara. Mwingine ulielekezwa Urusi. Chombo kimoja, nyuso mbili: anayeangalia mpira Kakuma na anayeangalia filamu Moscow walikuwa wanakula kwenye sahani moja bila kujuana. Novemba 2009 ikaongezwa nyingine hapohapo digrii 36, iliyoitwa W7 na baadaye Eutelsat 36B, nayo pia ya Urusi na Afrika. Vita vya Ukraine vilipopamba moto, Desemba 2022, wasimamizi wa utangazaji wa Ufaransa waliiamuru Eutelsat iache kurusha vituo vitatu vya Urusi. Ubishi wa vita vya kaskazini ukaamuliwa kwenye chombo kilichosimama juu ya Baringo. Machi 2024 ikarushwa Eutelsat 36D ije kupokea kazi ya 36B. Vyombo hivi vinazeeka kama watu. Mafuta ya kujirekebisha yakiisha, vinasukumwa juu zaidi vikaachwa huko.

Mwale ulipofika kwetu ulifika na kufuli. Mtaelewa nikisema hivi: signali hiyo inaanguka muda wote juu ya kila bati la Kakuma, juu ya kanisa, juu ya msikiti, juu ya foleni ya maji. Hakuna anayeweza kuizuia isikuguse. Ila ndani yake picha zimefungwa kwa hesabu, na ufunguo uko kwenye kadi ya dikoda ya yule aliyelipa mwezi. Wanakijiji wa India walihitaji wavu wa kuku. Sisi tunahitaji Papa wa kibanda alipe tarehe moja.

Nilifikiri nimeshalielewa jambo hili lote mpaka Januari mwaka 2025. Mnakumbuka, M23 walipoingia Goma. Simu za nyumbani zilikuwa hazishiki. Watu wa bloku yetu, wamama wengi, walikuja kwenye kibanda wakati wa mpira, si kwa mpira. Mmoja akasema kwa adabu, "Papa, tusaidie tuone habari kidogo, watoto wetu wako kule." Ndani kulikuwa na vijana waliolipa, wengi si Wakongo, na mechi ilikuwa imefika dakika ya ishirini.

Papa alisimama na rimoti mkononi muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akaweka habari. Zilikuwa kwa Kifaransa, mimi nikawa natafsiri kwa sauti nimesimama juu ya benchi. Kuna walionung'unika, na kuna kijana mmoja wa Sudan Kusini aliyewaambia wenzake wanyamaze, kwamba na wao siku yao ilikuwepo. Baada ya nusu saa akarudisha mpira. Hakuomba radhi kwa upande wowote. Wamama wakatoka nje, wakakaa chini ukutani, na mimi nikatoka nao.

Usiku hapa hauna mawingu mengi. Niliwaonyesha kwa kidole mahali ilipo, kidogo kusini mwa utosi. Haionekani kwa macho, nikawaambia hivyo. Mama mmoja aliangalia hata hivyo, kwa muda. Akaniuliza kama inaweza kuona Goma.

Nikamjibu ndiyo, Goma iko ndani ya mwale wake. Akaniuliza tena, sasa mbona haituambii?

Kesho yake asubuhi nilipanda juu ya mabati kufuta vumbi kwenye dishi, kwa kitambaa, taratibu, bila kulisogeza.